Usiache Tembe kwa Ajili ya Blogu Niliyoisifia

S.L.P. 41,
Salmela, Michigan.
9 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Lempi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la huko Arizona halijawashinda wewe na maua yako ya kibarazani. Mguu unaendeleaje? Uvimbe umepungua? Najua barua huanza na mambo mepesi, lakini mguu wako ndio ulionikalisha hapa mezani.

Sisi hatujambo. Mbu wametoka wote wiki moja, kama waliokuwa wamepanga. Baba anatengeneza paa la ghala, na Mama anamshikia ngazi huku akimwambia ashuke. Babu Arvo anasema goti lake limepona, ila akipanda ngazi za kanisa anasimama katikati na kujifanya anasoma matangazo.

Nilikupigia simu mara mbili juma lililopita. Unakumbuka tulizungumza habari za mvua? Sikuwa nimepiga kwa ajili ya mvua. Simu huninyang'anya maneno, Shangazi, kwa hiyo nimeamua kuandika.

Mwezi wa nne uliniomba nikuchagulie blogu nzuri za kusoma jioni, kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika maoni kuhusu blogu kwenye ukurasa wa maktaba ya shule. Nilikutajia tatu. Sasa nimezisoma zote upya, safari hii kwa jicho la mtu anayetafuta kosa.

Ya kwanza, ile ya mzee anayeandika kila siku hali ya barafu ziwani, endelea nayo. Mwaka huu alitabiri barafu ingeondoka tarehe ishirini na tano Aprili, ikaondoka tarehe nne Mei, naye akaandika wazi kwamba amekosea na kueleza kwa nini. Simfahamu, lakini mtu anayekiri kosa lake mbele ya watu namwamini kidogo zaidi. Ya pili, ya yule mama wa mkate wa nafaka ya rai, pia ni salama, ila punguza chumvi. Nilioka mkate wake, nikalazimika kunywa bilauri tatu za maji.

Ya tatu ni Bibi wa Mbetula, ile ya tiba za asili. Hiyo ndiyo niliyoisifia kuliko zote, na hiyo ndiyo iliyoninyima raha tangu nilipopata barua yako.

Uliandika kwamba umeagiza unga wake wa chaga, ule uyoga mweusi mgumu unaoota kwenye miti ya mbetula, na kwamba kuanzia tarehe mosi Julai utaacha tembe za kuzuia damu kuganda ili unga ufanye kazi peke yake. Uliniomba nisimwambie Baba. Halafu ukaandika: "Kama Aune amesema huyu ni wa kwetu, basi ni wa kwetu." Nilisoma sentensi hiyo, nikaifungua blogu yake upya.

Nitakueleza kwa nini nilisema ni wa kwetu. Kwenye picha ya kwanza ya blogu yake kuna mwanamke mzee anakunywa kahawa kwa kisahani, na bonge la sukari ameliuma kati ya meno, kama alivyokuwa akinywa marehemu Bibi. Basi. Sikutafuta jina lake, wala anapoishi, wala nani alimfundisha dawa. Niliona kisahani, nikaandika kwenye ukurasa wa maktaba: "Anaandika kama bibi yangu."

Juzi Jumamosi, tulipotoka kuoga mvuke sauna na kukaa kunywa kahawa, nilimpelekea Babu kompyuta na kumwomba anisomee blogu hiyo kama mtu wa hapa. Sikumtajia tembe zako, nilimtajia unga tu. Alivaa miwani, akasoma polepole. Huyo bibi anasema mwezi wa Mei alikwenda kuchuma matunda ya buluberi nyuma ya nyumba. Babu akauliza kama anayachuma chini ya theluji, maana huku hayaivi kabla ya Julai. Anasema pia kwamba sauna yake ya kuni huwa tayari kwa dakika kumi.

"Mwambie aje anifundishe," Babu akasema. "Mimi kila Jumamosi napoteza masaa mawili kuipasha moto."

Kisha tukafika kwenye picha ya chaga. Babu hakucheka tena. Alisogeza uso karibu, akaniuliza gome la mti ule ni la rangi gani. Nikasema kijivu. Akaniuliza gome la mbetula ni la rangi gani. Jeupe. Nilijua jibu hilo tangu sijaanza shule, na picha ile nilikuwa nimeitazama mara ishirini.

"Hiyo ni nundu ya mti, profesa," akasema. "Mti ukiumia unaota nundu. Ukiichemsha utakunywa maji ya kuni."

Usiku huo huo nilimwandikia huyo bibi kumuuliza anaishi karibu na ziwa gani. Jibu lilikuja asubuhi. Halikutaja ziwa. Lilinishukuru kwa moyo wangu mzuri na kunipa punguzo la bei ya kopo la pili la unga. Nilipofungua ukurasa wanapouzia unga, nikakuta maneno yangu yameandikwa kwa herufi kubwa juu ya makopo: "Anaandika kama bibi yangu. Aune, Michigan." Nimewaandikia mara mbili wayaondoe. Hadi leo yapo. Mimi ambaye darasani sinyooshi mkono hata nikiwa na jibu, sasa nauza unga kwa watu nisiowajua.

Leo baada ya shule nilikwenda kwa Bibi Vuorela, mfamasia. Sikutaja jina lako. Nilisubiri duka liwe tupu ndipo nikauliza. Alisema hata chaga ya kweli haifai kuchanganywa na tembe kama zako bila daktari kujua, maana huenda damu ikazidi kuwa nyepesi. Na kuziacha mwenyewe ni hatari zaidi. Akasema, "Damu iliyoganda mguuni inaweza kusafiri hadi kwenye mapafu, na ikifika huko haisubiri mtu amalize kusoma blogu." Nimekunakilia kama alivyosema.

Kwa hiyo nakuomba, Shangazi, usiache tembe. Kopo likifika, usilifungue. Kama umeshaanza kuruka hata siku moja, weka barua hii chini umpigie daktari wako sasa hivi, kisha uendelee kusoma.

Nimeandika maoni mapya kwenye ukurasa wa maktaba. Nimesema nilikosea, na nimeeleza habari za kisahani, buluberi na gome. Mwalimu wa maktaba aliniuliza kama nina hakika nataka jina langu liwe chini yake. Nikasema ndiyo. Yale ya kwanza yalikuwa nalo.

Babu anakusalimu sana, anasema chaga ya kweli anayo kopo zima ghalani na hakupi. Mama anakusalimu, na Baba pia. Msalimie jirani yako Dolores na paka wake. Mungu akulinde, na akulindie huo mguu.

Jumapili Baba atakupigia baada ya ibada, kama kawaida. Nitakuwa nimekaa mezani karibu naye. Ningefurahi akizisikia habari za tembe kutoka kwako. Lakini ukimaliza kuzungumza habari za mvua bila kumwambia, nitamwomba anipe simu, na nitasema mimi, wewe ukiwa unasikia.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,
Aune