Maneno ya Mama Neema

Iringa, Jumamosi, Septemba 1956

Kazi wamempa jirani, na wala siwalaumu.

Wazee wa kanisa walikuja asubuhi pale tanurini kutafuta fundi wa kuwachomea matofali ya kanisa jipya. "Haya fundi, kwa nini tukuchukue wewe?"

Swali hilo miaka yote alilijibu mke wangu, Mama Neema, mpaka tulipomzika Pasaka hii. Kila mteja akija, aligonganisha matofali mawili sikioni mwake, yakalia kama kengele kuonyesha yameiva, kisha akanisifu hadi nikaona haya. Kazi yangu mimi ilikuwa kunyamaza.

Leo nikayagonganisha mwenyewe. Yalilia vizuri tu. Nikafungua kinywa, na maneno yakatoka vilevile kama alivyozoea kuyasema: "Mume wangu huyu hajui kusema, lakini moto anaujua."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. "Kumbe fundi ana mume!" Nami nikacheka, mzee mzima na ndevu zangu. Basi wakaaga.

Nilirudi nyumbani mbiombio nikamsimulie, maana angecheka kuwapita wote. Nikafika mlangoni, nikaita kabisa, "Mama Neema, leo nimekutia aibu," ndipo...