Kadi Iliyofungwa Pamoja na Kitovu

Uholanzi, Jumapili jioni

Kwako Mama,

Shikamoo. Naamini umeitikia, japo kwa shingo upande, maana barua ya karatasi kutoka kwangu najua imekushtua. Umezoea simu. Mama, nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Mazungumzo yakianza kukukaa vibaya unasema mtandao unasumbua, mara nasikia umekata. Karatasi haina mtandao. Na kwa kuwa sukari imekufifisha macho na husomi tena, anayekusomea hapo ni mdogo wangu Tabita, na tumbo lake la miezi saba mbele yake. Nimetaka iwe hivyo hivyo. Tabi, soma yote. Usiruke mstari, hata Mama akikwambia inatosha.

Habari za mguu? Kile kidonda cha kisigino kimefunga, au bado unakipaka majani na kumficha nesi? Dawa unameza kila siku au siku za kuumwa tu? Binti yangu Upendo aliniambia kwamba kwenye msiba wa juzi ulikunywa soda mbili, na ulipomwona anakuangalia ukamwambia ageuke. Ana miaka kumi na miwili huyo, Mama, anaona kila kitu. Mnachota maji wapi siku hizi, au bado mnasubiri bomba litoe siku likijisikia? Korosho mwaka huu zimeshika maua? Huku mvua inanyesha mwaka mzima na hakuna anayeishukuru. Juzi niliota nakula ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, nikaamka nimekasirika.

Mimi ni mzima wa mwili. Yule mzee niliyekuja kumtunza alishafariki, hilo unalijua. Nililokuwa sijakueleza vizuri ni kazi niliyonayo sasa. Nafanya usafi na kuosha vyombo vya vioo kwenye jengo la watafiti wa magonjwa. Ghorofa ya pili wanachunguza mishipa ya damu ya wazee, jinsi inavyokakamaa kama mpira wa baiskeli uliokaa juani. Ghorofa ya tatu wanachunguza sukari, ugonjwa wako, na kila nikipita na ndoo yangu nakukumbuka. Ghorofa ya nne ni damu ya wajawazito. Huko ndiko mambo yalikonifika.

Ghorofa ya nne kuna mtafiti mmoja, mama wa makamo anayeitwa Hanna. Ni mtu wa salamu, ndiyo maana tumezoeana, mimi na Kiholanzi changu cha kuombea chumvi. Mwaka huu walihitaji watu wa kujitolea damu ili wailinganishe na ya wagonjwa, akaniuliza kama nitakubali. Nikakubali. Nilidhani ni jambo la dakika kumi na chai. Baada ya wiki mbili akaniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniambia damu yangu ni O, tena hasi, na kwamba ameona jambo jingine ndani yake ambalo angependa kuniuliza. Akauliza nina watoto wangapi. Nikasema mmoja. Akauliza kama niliwahi kubeba mimba nyingine. Nikasema watatu wengine, wote wamekufa.

Hakusema pole haraka haraka kama wanavyosema watu wa huku. Alivuta kiti karibu, akauliza:

"Baada ya yule wa kwanza kuzaliwa, hawakukuchoma sindano?"

Nikamwuliza sindano gani.

Alichora kwenye karatasi. Kwamba damu yangu inakosa kitu fulani ambacho damu ya mume wangu inacho, na mtoto akakirithi kwa baba yake. Siku ya kujifungua, damu ya mtoto ikaingia kwangu kidogo, mwili wangu ukadhani ni adui na ukaandaa askari. Mtoto wa kwanza hakudhurika, alikuwa ameshatoka. Ila kila anayefuata, akiwa na damu ya baba yake, anawakuta askari wamejipanga. Ipo sindano inayozuia askari hao wasiandaliwe kabisa. Anachomwa mama, na baada ya kujifungua zisipite siku tatu. Zikishapita na mwili ukishajifunza, haufundishiki tena.

Mama, nilikaa pale na aproni yangu ya usafi nikamkumbuka Baraka. Alizaliwa akilia vizuri, siku ya pili akawa wa manjano mpaka kwenye macho, siku ya nne akafa. Ukasema ametupiwa jicho. Aliyefuata alitoka amekufa, amevimba, na ninyi wanawake wazima mkamzika bila kunionyesha uso. Wa tatu hakufikisha tumboni hata miezi minane. Hao wawili hawana hata jina. Kumbe haikuwa jicho la mtu. Ilikuwa damu yangu mwenyewe, na dawa yake ilikuwepo duniani.

Mwanzo niliwalaumu manesi. Nilijiambia, hospitali zetu hizo, nani angenipima? Nikamwomba Tabi atafute kadi yangu ya kliniki ya mimba ya Upendo, ile uliyoniambia imepotea. Nilipokwenda kliniki na mimba ya Baraka nilipewa kadi mpya, isiyoandikwa kundi la damu, kwa sababu uliniapia kwamba ya kwanza imeliwa na panya. Tabi hakuikuta kwenye makaratasi. Aliikuta chini kabisa ya sanduku lako, imefungwa kwenye kipande cha kanga pamoja na kitovu cha Upendo kilichokauka. Akaipiga picha akanitumia, wala hakuuliza kitu. Tabi, sikukueleza maana ya yaliyoandikwa humo. Sasa nakwambia, ukiwa mbele yake.

Nesi ameandika kwa mwandiko safi kabisa: "Kundi O hasi. Arudi na mtoto kabla ya siku tatu kwa sindano. Bibi wa mtoto ameelezwa."

Bibi wa mtoto ni wewe, Mama.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetokwa na damu nyingi, nimelala sijitambui. Ulielezwa wewe kwa niaba yangu. Siku zilizofuata nyumbani nazikumbuka vizuri. Ulinifungia chumba cha ndani, moto umewashwa, pazia limeshushwa, ukasema sitoki mpaka kitovu cha mtoto kianguke, kama ulivyofungiwa wewe na kama alivyofungiwa bibi. Kitovu cha Upendo kilianguka siku ya nane. Siku ya tatu nilikusikia nje unajibizana na mtu, nikauliza ni nani, ukasema ni muuza samaki. Nimefikiri sana juu ya muuza samaki huyo. Tangu lini muuza samaki akatembea na viatu vyeupe? Niliviona chini ya pazia.

Najua kwa nini uliificha kadi. Ina jina la mtoto, na kitu chenye jina la mtoto mchanga hakiachwi ovyo, adui asije akakiokota. Hilo nalielewa, nimezaliwa hapo. Ila ulipomzika Baraka hukuikumbuka? Ulipomzika wa pili? Ulikuwa unajua sanduku liko wapi na ufunguo uko shingoni mwako. Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulificha karatasi, vifo vikawaumbua wengine.

Maana kilifuata kile kikao cha ukoo. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, kwa hiyo kumfukuza ni kazi ya asubuhi moja. Mjomba Hilari akakaa kwenye kiti chake, akasema mkwe huyu kutoka Nanganga amekuja na kitu cha kwao. Wewe ukasema, nami nilisikia, kwamba mtu huyu atakimaliza kizazi chako. Huyo ni mume wangu Baba Upendo, aliyepulizia dawa ya salfa mikorosho yako miaka mitano mpaka macho yakawa mekundu, aliyekubeba kwa baiskeli ulipovunjika mguu. Hakubisha. Alinigeukia mimi tu. "Mama Upendo, na wewe unasema hivyo?"

Nilitazama chini. Hilo ni langu, Mama, sikutupii wewe. Nililitazama vumbi mpaka akafunga jembe na godoro kwenye baiskeli akaondoka. Hata Upendo hakuruhusiwa kumsindikiza.

Halafu akaoa Nanganga, akapata watoto watatu, wote hai. Nilidhani watu wataona aibu. Wapi! Ulimi ulihama tu. Wakasema basi anayewala ni mimi. Kisimani wanawake walikuwa wanavuta watoto wao nikipita, na wewe ulijua, ukaniambia nivumilie, watasahau. Ndiyo maana nilikimbilia Dar na baadaye huku. Sikuja kutafuta maisha, kama unavyowaambia watu kanisani. Nilikuja kwa sababu kijiji kizima kiliniona mchawi wa wanangu na mtu mmoja tu alikuwa na karatasi ya kunitetea.

Wiki iliyopita nilimpigia Baba Upendo. Nilimweleza yote polepole, askari, sindano, siku tatu. Aliniomba nirudie tena hapo pa siku tatu. Halafu akasema, "Kwa hiyo sikuwaua?" Mtu mzima, Mama, baba wa familia. Miaka yote hii alikuwa anajiuliza. Nikalia, naye akalia, na mkewe akachukua simu akaniuliza kwa upole kuna nini.

Nikwambie na jambo moja la kuchekesha, kama una moyo wa kucheka. Hanna amenieleza kwamba ile sindano inatengenezwa kutokana na damu ya watu kama mimi, watu ambao miili yao imeshaandaa askari. Sasa kila baada ya wiki kadhaa napanda ghorofa ya nne, safari hii bila ndoo, nalala kitandani, wanachota kwa utafiti wao. Wananishukuru sana. Wanasema damu yangu ni ya thamani, ina nguvu ajabu. Najua ina nguvu. Imezika watatu.

Haya, sasa nisikilize, maana sikuandika ili nikuchome tu. Tabi ni ndugu yangu wa baba mmoja mama mmoja. Inawezekana kabisa damu yake ni kama yangu. Tumbo hilo ndilo la kwanza, na huyo mtoto huenda akazaliwa salama kama Upendo, mkapiga vigelegele, na balaa likaanza siku hiyo hiyo bila mtu kuliona. Nimemwuliza Tabi kama amepimwa kundi la damu, akanijibu, "Mama anasema nisitoe toe damu ovyo." Niliposikia hivyo ndipo nilipokwenda kununua karatasi.

Wiki hii Tabi apande pikipiki ya mumewe waende Masasi, akapimwe. Akikutwa hasi, waulize mapema sindano inapatikana wapi, wasingoje uchungu, maana haiko kila mahali. Mume wake naye apimwe. Na akishajifungua, hata kama ni usiku wa manane, hata kama kitovu bado ni kibichi, hata kama umeshawasha moto wa chumba cha ndani, anatoka anakwenda kuchomwa. Mfunike mtoto kwa kanga kumi ukitaka. Mfunge hirizi na msalaba vyote pamoja, sitakuuliza. Ila usikae mlangoni. Ukikaa mlangoni safari hii, Mama, mtoto wako mkubwa umemzika pamoja na wale watatu, maana hutasikia tena sauti yangu. Sijawahi kukutamkia neno kama hilo, lakini sitalifuta.

Nakupenda, ndiyo shida yenyewe. Ningekuwa sikupendi ningeshalala usingizi. Nataka kuamini kwamba uliogopa, kwamba nesi aliongea haraka, kwamba ulidhani sindano ni sindano tu. Siku utakayokuwa tayari kuniambia kilichotokea siku ya tatu, piga simu. Mtandao wa huku haukatiki.

Nisalimie Mjomba Hilari, mkubwa wa ukoo. Mwambie akiwa na nguvu za kuitisha kikao cha kumfukuza mtu, awe nazo pia za kuitisha kingine cha kumwomba radhi, na njia ya Nanganga anaijua. Nisalimie mke wake, shangazi wa watoto wote hapo, aliyenipa uji nikiwa sina mtu wa kuongea naye. Nisalimie mwalimu wa kwaya, mwambie sauti ya pili bado naikumbuka. Upendo mbusu kichwani, na umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa nini hana wadogo.

Tabi mdogo wangu, umefika mwisho. Najua Mama sasa ananyoosha mkono, anataka barua aikunje aiweke sandukuni. Usimpe. Nyuma ya karatasi hii nimeandika kwa herufi kubwa maneno ya kumwonyesha nesi, pamoja na kundi langu la damu. Ipeleke kliniki ilivyo, na kadi yangu ifungue kutoka kwenye ile kanga uende nayo. Kitovu cha Upendo kirudishie Mama. Hicho ni chake.

Mimi mwanao mkubwa,

Agnesi,
mama wa watoto wanne.