Edie na Hesabu ya Ishirini Ishirini

Shamba la Thornhow,
Borrowdale.
14 Novemba

Mpendwa Shangazi Winnie,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku kwenye mvua. Goti lako linaendeleaje tangu upasuaji? Na huko New Zealand, mmeshamaliza kuwakata kondoo manyoya? Sisi tu wazima, ila mimi nimechoka. Hugh anaota meno na hataki kulia peke yake. Naandika nimempakata, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Shangazi, Edie alitutia hofu. Mwalimu wake, Bi Parkin, aliniita shuleni akaniambia mtoto hawezi kuhesabu kupita ishirini, na kwamba baada ya Krismasi atamrudisha darasa la wadogo. Ana miaka sita, arudishwe!

Nilipomweleza Baba, akaweka kikombe chini. "Basi nimemharibu mtoto," akasema. Maana ni yeye anayemfundisha pale langoni kondoo wakipita, kama mlivyofundishwa nyinyi: yan, tyan, tethera, ile moja, mbili, tatu ya wachungaji, mpaka ishirini, kisha unakata alama kwenye fimbo na kuanza upya. Tangu siku hiyo kaka yako akawa anahesabu peke yake, kimya. Edie akimfuata, anaambiwa, "Nenda ndani, kuna baridi." Mtoto analia, mzee naye hali chakula vizuri.

Alhamisi nikaenda maktaba, Hugh kalala kwenye kigari. Nilitaka kujua kwa nini ishirini tunaiita "score". Kumbe neno lenyewe lilikuja na watu wa kaskazini waliovuka bahari zamani, na kwao lilikuwa mkato tu kwenye mti! Mtu akifika ishirini anakata, basi mkato ukawa ndiyo ishirini yenyewe. Baadaye watu wakakatia kila kitu cha kuhesabiwa, ndiyo maana hata mabao ya mpira yanaitwa hivyo. Karatasi za muziki nazo zimo, kwa sababu ya ule mstari unaoshuka kuunganisha mistari. Na mimi kila Jumapili nikichanja ngozi ya nguruwe kabla ya kuoka, nalitamka neno hilo hilo wala sina habari.

Nilikaa pale najiuliza: aliyeanza alikuwa na kondoo wangapi? Na mbona aliishia ishirini? Vidole vya mikono na miguu vilimwishia? Kamusi haikusema. Hugh akaamka, nikaondoka.

Ila nilijua la kufanya. Jumatatu nikaenda shuleni na mtungi wa vifungo vya marehemu Mama, nikavimwaga mezani. Edie akahesabu kwa kunong'ona. Alipofika ishirini akachora mstari karatasini, akarudi kwenye moja. Bi Parkin akafungua mdomo.

"Muache amalize, Mwalimu," nikasema. "Kila mara unamkatiza hapo hapo."

Akamwacha. Mistari minne, na ziada.

"Nne na saba," akasema Edie.

"Ndiyo kusema themanini na saba," nikaeleza.

Bi Parkin akahesabu mwenyewe, polepole. Themanini na sita.

"Na hicho kilicho chini ya kiwiko chako, Mwalimu?" akauliza Edie.

Bi Parkin akainua mkono. Kifungo kimeng'ang'ania sweta! Akacheka mpaka akawa mwekundu. "Haya, umenipata, bibie." Edie habanduki darasani kwake.

Lakini sikumwachia hivi hivi. Njiani nikamwambia, "Langoni hesabu za Babu, darasani za Mwalimu."

"Za Mwalimu ni ndefu, Mama."

"Hata ziwe ndefu, utazisema. Na kununa sitaki."

Baba aliuliza jambo moja tu: "Alimsahihisha mwalimu?" Nikamwambia ndiyo. Akatoka nje kupenga kamasi.

Jana asubuhi wakati wa kushusha kondoo mlimani nikasikia Baba anamwita Edie, "We binti! Umejificha wapi? Njoo uhesabu wewe, mimi nitakata fimbo tu." Nilisimama dirishani na Hugh begani. Kondoo walipita, sauti ndogo ikapaa, na mzee akawa anasubiri kuambiwa wapi akate.

Msalimie mzee wako Alec, na Maisie na watoto wake. Mume wangu Duncan anakusalimu sana. Mungu akujalie jua la kutosha na majirani wema.

Wako akupendaye daima,
Lorna