Sweta la Kompyuta

Jumanne, usiku

Eti kompyuta ya Baba haiwaki tena, nikaiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu! Fundi wa mjini haelewi. Nyimbo zote ambazo marehemu Baba aliitungia kwaya zimo humo, na nakala nyingine hakuna. Nilianza kuogopa.

Leo nimeifungua mwenyewe. Nilipounga nyaya mbili za kile kisanduku cha ndani kinachoipa umeme, feni yake ilizunguka. Basi umeme unafika. Kumbe kitufe cha kuwashia kimebonyea ndani, hakirudi.

Ni lile sweta Mama aliloifumia kompyuta. Limekibana kitufe miaka yote, na nyuzi zake zimekigandisha.

Nikakisafisha kwa spiriti mpaka kikaruka juu tena. Ikawaka, na nyimbo zote zimo!

Mama alifuta machozi, akaniletea sweta. "Ivalishe, mwanangu. Baba yako hakupenda baridi."

Nimeivalisha. Ila kwanza nimelitoboa sweta, pale penye kitufe.