Flashi Niliyoifunga kwa Waya

Jumamosi

Si pawa saplai. Ni flashi. Tena yangu mwenyewe.

Mashine ya kuongozea taa za ukumbini imegoma tangu Alhamisi. Inaonyesha nembo, halafu inaganda. Ni mtumba wa Dubai, na ilikuwa imetoka siku hiyohiyo mtaa wa Gerezani kwa Mzee Ngonyani, fundi aliyeisafisha vumbi. Kwa mitumba hii iliyojaa Kariakoo siku hizi, kitu kikirudi kibovu kutoka kwa fundi, ujue wamechomoa kifaa orijino wakaweka feki. Basi Alhamisi hiyohiyo nikamfuata. Mbele ya watu nikamwambia, "Mzee, rudisha pawa saplai yangu."

Hata shikamoo sikumpa.

Akaniuliza taratibu, "Umechomeka nini huko nyuma?"

Nikamjibu asinizungushe.

Leo mchana nimekata ule waya. Flashi yenye mipangilio ya taa niliifunga mimi kwa waya huo nyuma ya mashine Alhamisi iliporudi, watu wasije wakaniibia. Nimeichomoa, mashine ikawaka. Nimeirudisha, ikaganda. Nimerudia mara nne, nikiomba igome hata bila flashi, angalau niwe na haki kidogo.

Nikaenda Gerezani. Meza yake imefunikwa turubai. Fundi jirani akasema, bila kuniangalia, "Tangu juzi wateja wanachukua vitu vyao. Leo mzee hakuja."

Nitamtafuta kwake. Shikamoo nitaitoa, na samahani nitaiomba. Lakini wale waliosimama kusikiliza siku ile siwajui hata kwa sura. Nitawapata wapi niwaambie?