Patipati ya Mama Achieng

Nekesa dadangu,

Sasa? Natumai mvua ya Busia imekuachia nguo kavu. Huku Kibera mimi na vijana wenzangu tunaponda pakiti za karatasi za unga tulizookota mtoni, tunatengeneza karatasi kubwa, halafu tunabandika takataka juu yake watu waone vile mto umechafuka. Jana tukaitundika nje. Majirani wote wakaapa hawajawahi kutupa kitu mtoni. Kisha Mama Achieng akaona patipati, ndara ya mpira, yenye alama aliyoikata kwa kisu isiibwe bafuni. "Hii ni yangu," akasema, akaibandua, akaivaa. Tangu hapo kila mtu anakuja kutafuta chake.

Katikati ya karatasi kuna wigi nyekundu, ile yako ambayo ulipokuja Krismasi ulimwambia mama yetu iliibwa Kawangware. Wakiuliza ni ya nani, nasema simjui mwenyewe.

Nakupenda hivyo hivyo,
Wafula