Mguu Wangu Ulijadiliwa Getini

Alhamisi, jioni. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na baridi ya Sumbawanga imetufuata hadi wodini.

Tangu kipindupindu kianze, ndugu wanaishia getini. Mimi sina kipindupindu. Nina kisukari, na kidonda cha wayo wa kulia kilichogeuka cheusi.

Naomba nieleze jambo. Kwetu mgonjwa haambiwi ugonjwa wake. Wanaambiwa ndugu, wanakaa kikao, mkubwa wa ukoo anatoa kauli. Ni desturi ya upendo, nami nimeiongoza mara nyingi.

Shida ni kwamba mkubwa wa ukoo ni mimi.

Kwa hiyo Jumatatu, daktari alipowaambia pale getini kwamba mguu ukatwe chini ya goti, mdogo wangu Kasiano hakuthubutu kujibu peke yake. Aliomba wamsubiri dada yetu atoke Mpanda. Mabasi yamekuwa ya shida, watu wanauogopa mji. Dada amefika leo mchana, wakakubali.

Siku zote hizo nilikuwa hapa, kitanda cha dirishani, akili timamu, nasoma gazeti la zamani.

Daktari ni kijana mstaarabu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alinipa shikamoo, akaanza kunieleza maandalizi ya kesho. Nikamuuliza, maandalizi ya nini? Akaketi kitandani kwangu.

"Mzee, hawajakuambia?"

Akanionyesha kwa kidole watakapokata. Juu ya goti. Nikamuuliza kama Jumatatu ingekuwa hapohapo. Hakunificha: ingekuwa chini. Alisema wagonjwa wa kipindupindu wamewazidi, akadhani ndugu wangenifikishia, akaniomba radhi. Nikauliza nikikataa itakuwaje. Alisema uozo utaingia kwenye damu, na sitapona.

Nimekubali. Nimelisema mwenyewe, kwa kinywa changu.

Kisha nikampigia Kasiano, yuko nyumbani kwake Pito. Alikuwa analia.

"Kaka, mgonjwa haulizwi, anauguzwa. Ningeanzaje kukuuliza wewe?"

"Kama ulivyoniuliza mahari ya mwanao," nikamwambia. "Kwa simu hiihii."

Nikasikia mvua ikipiga bati lake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi leo nakuuliza, kaka. Huo mguu tukauzike wapi?"

Ndilo swali la kwanza ambalo ndugu zangu wameniuliza tangu nilazwe.